Kuifufua gemu ya zamani ikachezeka kwenye simu ya leo, tena kwa Kiswahili: mwongozo kamili

Wakuu habari za saa hizi. Mi niko Kigoma, Mwanga, mchana natengeneza simu za watu, usiku kwa miezi kama nane hivi nimekuwa naijenga upya gemu moja ya zamani sana ya pangoni, ile ya maandishi matupu, ili mtu mwenye simu ya kawaida aicheze bila kujua hata neno moja la Kiingereza. Imeisha, inachezwa, na kila siku kuna mtu ananiuliza nimefanyaje, sasa badala ya kumjibu mmoja mmoja naandika yote hapa mara moja. Ni ndefu, tafuta chai kabisa.

Kitu kimoja niseme mapema. Watu wengi wakisikia kuijenga upya gemu ya zamani wanawaza picha, yani uchukue ile ya zamani uipake rangi mpya basi umemaliza. Hapana. Kazi yenyewe ni kujua ile gemu ilikuwa inamfurahisha mtu kwa kitu gani na ilikuwa inamtesa kwa kitu gani, maana kwenye magemu ya zamani hivo vitu viwili vimelala kitanda kimoja, ukimfukuza mmoja kwa pupa unaondoka na wote. Na ukiileta kwa Kiswahili inaongezeka kazi ya pili ambayo sikuitegemea kabisa, ndo ilinila miezi mitatu kati ya hiyo nane. Tutafika.

Hatua ya 1: chagua gemu unayoruhusiwa kuigusa

Hapa ndo wengi wanaanguka kabla hata hawajaanza. Gemu kuwa ya zamani sio maana yake ni ya bure. Sheria yetu ya hakimiliki ya mwaka 1999 inalinda programu za kompyuta kama inavyolinda vitabu, na ulinzi unaendelea miaka 50 baada ya mtunzi kufariki, kwa hiyo gemu ya miaka ya 1980 au 1990 bado ina mwenyewe hata kama kampuni yake ilishafungwa, kuna mtu amenunua haki zake na siku utakayoanza kupata hela ndo siku atakayokukumbuka. Na hata yale magemu ambayo wenyewe wameyaachia yapakuliwe bure, kama Beneath a Steel Sky iliyotoka 1994 ikaachiwa 2003, kuachiwa kupakua na kucheza sio sawa na kuruhusiwa kuijenga upya kwa jina lako. Soma leseni. Soma tena.

Mi nilichukua Colossal Cave Adventure, ambayo ndo bibi wa magemu yote ya kutembea na kutatua mafumbo. Iliandikwa na Will Crowther, Mmarekani aliyekuwa programa na pia mpenzi wa kuingia mapangoni, kwenye miaka ya 1975 na 1976, akaiandika kwa lugha ya programu ya Fortran kwenye kompyuta ya PDP-10 ili wanae wa kike waicheze, na ramani yake ameichora kutoka pango la kweli, Mammoth Cave kule Kentucky. Alafu 1977 Don Woods wa Stanford akaipanua, akaongeza hazina, mafumbo na mambo ya kichawi, ikawa ile ya pointi 350 yenye hazina 15. Mwaka 2017 Eric S. Raymond, kwa ridhaa ya Crowther na Woods, akaitoa ile ya baadae ya pointi 430 kwa jina la Open Adventure chini ya leseni ya BSD, ambayo inakuruhusu kubadilisha, kutafsiri, hata kuuza, mradi lile tangazo lao la hakimiliki na leseni visikose ndani ya kazi yako. Mi nimeviweka kwenye ukurasa wa "Kuhusu", kimoja kwa kimoja, sikutafsiri hata nukta.

Uzuri wa Open Adventure ni kwamba vyumba vyote, vitu vyote na majibu yote yametolewa kwenye kodi, yani maandishi ya programu (sio ile ya TRA), yakawekwa kwenye faili moja la YAML, ambao ni mtindo wa kupanga data kwa maandishi ya kawaida. Unalifungua na kihariri cha kawaida cha maandishi, unalisoma kama kitabu.

Hatua ya 2: icheze mpaka mwisho ukiwa na daftari

Sio video za watu, icheze mwenyewe. Chukua daftari la kaunta, kila chumba kichore mstari wa kwenda na wa kurudi (humu ukienda kaskazini sio lazima ukirudi kusini ufike ulikotoka, hilo lenyewe ni fumbo), alafu pembeni andika alama mbili tu: F ulipofurahi, K ulipokereka. Usijieleze sana, andika herufi uendelee.

Mi nilimaliza na F 31 na K 58. Baada ya hapo nikakaa na zile K moja moja nikiziuliza, hii kero ni ya fumbo au ni ya kompyuta za wakati ule?

Mfano wa ndege. Mle pangoni kuna ndege mdogo, ukijaribu kumkamata anakimbia, unajaribu tena anakimbia. Sababu yake ni kwamba umeshika fimbo nyeusi na anaiogopa, inabidi uitue kwanza, umkamate umtie kizimbani, ndo urudi kuichukua fimbo maana utaihitaji mbele kwenye ule ufa mkubwa. Nilitaka kulitoa hilo fumbo nikiona ni uonevu. Nikampa baba mdogo acheze, yeye anavua dagaa kule Kibirizi, na siku za mbalamwezi hawaingii ziwani kwa hiyo ana nafasi.

"Shikamoo baba mdogo, umefika wapi?"

"Marahaba. Huyu ndege bwana ananikimbia."

"Kwa nini unadhani?"

Akaniangalia kama mtoto. "We ungekaa, mtu anakuja na fimbo?"

Akaandika "weka fimbo chini", akamkamata. Dakika mbili. Hilo fumbo halikuwa na ubaya wowote, ubaya ulikuwa kwamba maelezo yangu hayakumkumbusha mchezaji kuwa ana fimbo mkononi. Fumbo likabaki, nikaongeza nusu sentensi kwenye jibu la ndege kushtuka: ndege anarukia pembeni macho yake yakiwa mkononi mwako. Basi.

Sasa mfano wa upande wa pili. Taa yako ina zamu 330 alafu inazima, na ukitembea gizani unaweza kutumbukia shimoni ukafa. Hiyo mwaka 1977 ilikuwa na maana, ilimfanya mtu apange safari. Leo mtu anacheza akiwa kwenye foleni ya daladala, anakosea mara tatu, taa inaisha akiwa karibu amalize, anaifuta gemu kabisa. Lakini nikichimbua kodi yao nikakuta wazee wenyewe walishaliona: ukikubali kusoma maelekezo mwanzoni, gemu inakuhesabu mgeni na kukupa zamu 1000. Kwa hiyo sikubuni kitu, nimewapa watu wote 1000, na anayetaka 330 anaiwasha kwenye mipangilio, imeandikwa "kama zamani". Kabla hujabuni dawa yako mwenyewe angalia kama mtunzi hakuiacha mahali humo ndani, mara nyingi ipo.

Hatua ya 3: gawanya kila kitu mafungu matatu

Fungu la kwanza ni vitu ambavyo havigusiki, yani ukivitoa sio gemu ile tena. Kwangu ni ramani, mpangilio wa mafumbo, na lile neno la uchawi XYZZY ambalo hakuna Mswahili anayeweza kulitamka, nikaambiwa libadilishe liwe neno fulani la Kiswahili, nikakataa, maana hata Wamarekani hawawezi kulitamka na hapo ndo utamu wake. Fungu la pili ni kero za mashine za zamani, hizo toa bila huruma: kutokuwa na rudisha nyuma hatua moja, kusahau ulikopita. Fungu la tatu ni gumu, vitu vya kubadilisha sura vikabaki na kazi ile ile.

Kwenye fungu la tatu nina kosa la kuwaambia. Mwanzoni nilitaka kila kitu kiwe cha kwetu, taa nikaifanya karabai kama zile za wavuvi wa dagaa, nikaona nimepatia kweli. Wiki mbili mbele nafika kwenye ile mashine ya kuuza betri, unatumbukiza sarafu inatoa betri za taa, na karabai haina betri, inakula mafuta ya taa. Nikasema basi mashine iuze mafuta. Mashine ya mafuta pangoni? Na chupa ya kubebea ni ile ile moja ambayo inahitajika kubeba maji ya kumwagilia mmea na baadae mafuta ya kulainisha mlango wenye kutu. Nimevuta uzi mmoja shati lote linafumuka. Nikarudisha taa ya betri, na hata hivo wavuvi wengi siku hizi wanatumia taa za betri, ila mtu akiandika "washa karabai" gemu inamuelewa.

Viumbe ndo nilivibadilisha kwa raha. Wale vijitu wafupi wanaokurushia visu wamekuwa vibwengo, maana neno lingine ambalo lingekuja haraka ni la kudharau watu wa kweli na sikulitaka humo. Yule anayelinda daraja anadai hazina ndo upite, huyo ni zimwi bila kufikiria mara mbili. Mwizi wa hazina kabaki haramia.

Hatua ya 4: lugha (hapa kaa vizuri)

Gemu ya asili inasoma amri za maneno mawili, kitendo na kitu, na inaangalia herufi 5 za kwanza tu za kila neno. Hata kwa Kiingereza iliwapa shida, ilibidi mtu aandike kifupi cha kaskazini mashariki maana neno lote likikatwa linabaki kaskazini tupu. Kwa Kiswahili ndo haifai kabisa, sababu lugha yetu inaweka mizigo mbele ya neno. Mtu mmoja ataandika "chukua taa", mwingine "nachukua taa", mwingine "ninachukua ile taa", mwingine "niichukue", mwingine "nataka kuichukua". Kata herufi tano hapo uone unabaki na nini.

Nilivyofanya mimi ni hivi. Geuza yote herufi ndogo, toa nukta na mikwaju. Toa maneno ya kujazia: hii, ile, hiyo, basi, sasa, tafadhali, nataka, naomba. Alafu litafute neno zima kwenye orodha ya vitendo kwanza, na hapa naomba mnisikilize, KWANZA neno zima. Likikosekana ndo uanze kumenya: toa ni, na, nina, nita, u, tu, ku, alafu toa kiambishi cha kitu kama i, ki, vi, m, zi, li, ya, alafu kama mwisho ni e igeuze a, tafuta tena. Mi nilianza na kumenya bila kutafuta neno zima, mtu akaandika "tupa shoka", programu ikamenya "tu" ikabaki "pa", ikaelewa kwamba anataka kumpa mtu shoka, na kibwengo kasimama mbele yake anamrushia kisu. "Kimbia" ilikuwa "mbia". "Zima taa" ilikuwa "ma". "Inua" ikawa "nua". Nilicheka nikakaribia kulia.

Majina nayo yana mkia: "ingia pangoni", "nenda mtoni", toa ni ya mwisho upate pango na mto. Lakini chini sio chi, na kusini sio kusi, kwa hiyo kanuni ni ile ile, neno zima kwanza.

Alafu kuna vitendo vinavyokataa kanuni, viweke kwa mkono: nenda, njoo, kula, kunywa, leta. Na "fungua" na "funga" zimetofautiana kwa herufi moja ya katikati, kwa hiyo kama umeweka msaada wa kusahihisha makosa ya kuandika (na uweke, watu wanaandika "chkua" na "fngua" usiku kucha) hakikisha hausahihishi "fungua" iwe "funga". Kwangu unasahihisha kosa la herufi moja tu, kwa neno la herufi tano kwenda juu, na likipata majibu mawili gemu inauliza.

Pia r na l nimezihesabu kama herufi moja, th kama s, dh kama z. Mtu asishindwe gemu kwa sababu ya matamshi ya kwao.

Sasa maneno yenye maana mbili, hapa ndo Kiswahili kinakufanyia utani. "Tundu la ndege" ni kizimba, lakini uko pangoni, tundu ni shimo, watu waliniandikia "ingia tunduni". Nikatumia kizimba. Ndege mwenyewe, dogo mmoja wa jirani aliona "kuna ndege hapa" akajua ni ya kupaa, akawa anatafuta mlango apande. Nikaandika "ndege mdogo mwenye manyoya ya kung'aa". Na "panda mmea", je anataka kuukwea au kuupanda ardhini? Kwenye hii gemu mmea unamwagiliwa unarefuka ndo unaukwea, kwa hiyo panda siku zote ni kukwea, lakini nimeweka jibu la pembeni kama mmea bado mfupi: "Ushapandwa huo, unachotaka ni maji."

Pande za dunia. Mtu hawezi kuandika "kaskazini mashariki" kwenye simu mara mia, anahitaji kifupi. Haya fupisha: kaskazini mashariki ni KM. Kaskazini magharibi, KM. Kusini mashariki, KM. Kusini magharibi, KM. Zote nne! Nilikaa nikatazama lile daftari muda mrefu. Mwisho nimeweka dira ya kubonyeza chini ya skrini yenye pande nane na juu na chini katikati, na kwa wanaopenda kuandika kuna kas, kus, mas, mag, unaziunganisha, "kasmas" na kadhalika. Kwenye majaribio karibu kila mtu alitumia dira kwa kutembea na kuandika kwa mengine yote.

Na sio kusoma tu, gemu lazima na yenyewe iongee vizuri. Kwa Kiingereza unaandika sentensi moja ya "hiki kitu kiko hapa" unachomeka jina lolote. Kwetu taa iko, ndege yuko, kizimba kiko, funguo ziko, mkate uko, maji yako, na hiyo ya mwisho mtu atajiuliza maji yangu mimi? Kwa hiyo kila kitu kwenye faili kina ngeli yake:

kizimba
majina: kizimba, tundu, kitundu
ngeli: ki
hapa: Kizimba cha fito kiko hapa, mlango wazi.

Ukiwa na ngeli, sentensi zinajijenga: huwezi kuichukua, huwezi kumchukua, huwezi kukichukua. Inachosha kuingiza, najua, ila ukiiruka gemu itaongea kama tafsiri ya mashine na mchezaji ataisikia kwenye sentensi ya kwanza tu.

Na malipo yake ni makubwa kuliko nilivyodhani. Mchezaji ana taa, kizimba na ndege mbele yake, anaandika "kichukue". Kwa Kiingereza hapo programu ingebaki kubahatisha "hicho" ni kipi. Kwetu kiambishi kimeshasema, ki ni kizimba, hakuna kingine. "Mchukue", ndege. "Iwashe", taa. Gemu inakumbuka kitu cha mwisho kutajwa cha kila ngeli na inapatia karibu kila mara. Hiyo ndo siku niliyoacha kuiona lugha kama tatizo la kutatua kwenye huu mradi.

Kuna jibu moja la asili linapendwa sana, la joka. Ukisema uliue linakuuliza kwa dhihaka, kwa mikono mitupu? Na jawabu ni kusema ndiyo tu, joka linakufa. Nilitafsiri "Utaliua kwa nini, kwa mikono mitupu?", watu wakasoma hiyo kwa nini kama swali la sababu, wakaanza kujieleza. Ikawa "Utaliua na nini sasa, na hiyo mikono mitupu?" Bado watu walidhani wanasemwa, wakaondoka kimya. Nikaongeza "Eti?" mwisho. Mswahili akiulizwa eti lazima ajibu.

Hatua ya 5: injini

Nimetumia Godot, programu ya kutengenezea magemu. Ni ya bure, leseni ya MIT, haidai asilimia ya mapato, na inakubali kompyuta dhaifu kama yangu ya mtumba. Mambo ambayo ningependa mtu angeniambia mapema: chagua uchoraji wa Compatibility, hiyo mingine inazisumbua simu za bei ya chini, kwenye mipangilio washa Low Processor Mode, gemu ya maandishi haina haja ya kuchora skrini mara 60 kwa sekunde wakati hakuna kinachotikisika, betri ya mtu inaokoka, data ibadilishe kutoka YAML iwe JSON (mtindo mwingine wa kupanga data) maana Godot inaisoma hiyo bila kuongeza kitu. Kibodi ya simu inapofunguka inafunika nusu ya skrini pamoja na sehemu ya kuandikia, inabidi uiulize Godot urefu wa kibodi (virtual_keyboard_get_height) alafu unyanyue kila kitu kwa urefu huo.

Kuhifadhi: hifadhi kila baada ya amri moja, bila kumuuliza mtu. Simu inaita, chaji inaisha, mtoto anaichukua. Faili lenyewe ni dogo sana halichukui hata kufumba jicho.

Kama gemu yako ni ya picha na kubofya sio ya maandishi, kwa kifupi tu sababu sio uwanja wangu sana: picha za miaka ile nyingi zilikuwa 320 kwa 200 lakini zikionyeshwa kwenye skrini ya 4 kwa 3, kwa hiyo kila nukta ilikuwa ndefu kidogo kwenda juu, ukizionyesha leo na nukta za mraba watu wote wanaonekana wamekandamizwa, zinyooshe urefu mara 1.2. Kwenye simu hakuna kipanya cha kupitisha juu ya vitu kuona kipi kinabofyeka, kwa hiyo weka ukishikilia skrini vitu vyote vinameremeta, na sehemu ya kubofya isiwe ndogo kuliko kidole. Angalia pia jinsi The Secret of Monkey Island ya 1990 ilivyotolewa upya 2009, unabonyeza kitufe kimoja unarudi kwenye picha za zamani papo hapo. Heshima kwa wazee na raha kwa vijana kwa kitufe kimoja.

Nakala. Umeme ulikatika, ukarudi kwa kishindo, adapta ya kompyuta ikapasuka na diski ikaenda nayo, nikapoteza wiki tatu za kazi ya ngeli. Tumia Git, programu ya kutunza kila toleo la kazi yako, kila usiku sukuma mtandaoni, na kama bando hakuna nakili kwenye flashi na kwenye simu.

Hatua ya 6: wape watu, ufunge mdomo

Nimejaribisha kwa watu tisa. Mpe mtu simu, kaa pembeni na daftari, usiseme kitu hata akikosea jambo la wazi kabisa. Ni mateso. Mama mdogo aliandika "rudi nyumbani" mara nne gemu ikisema haielewi, mi nimeuma ulimi, kumbe alikuwa na haki, nani hajui kurudi nyumbani? Kila neno ambalo gemu haikulielewa linaandikwa kwenye faili la siri ndani ya simu, baada ya kila jaribio nalisoma, na kamusi yangu imetoka vitendo 70 mpaka 190 kwa njia hiyo peke yake. Waambie watu kwamba unarekodi wanachoandika, sio vizuri kuwavizia.

Vidokezo. Gemu ya asili inakuuzia kidokezo kwa pointi zako, nimeacha hivo hivo lakini kimegawanyika tatu: cha kwanza kinakuonyesha uangalie wapi, cha pili kinakuambia kitu gani kinahusika, cha tatu kinasema wazi. Watu wengi waliishia cha kwanza.

Ile njia ya vichochoro vinavyofanana vyote, ambayo jawabu lake ni kudondosha vitu kama alama, nilitaka ramani ya kujichora imtoe mtu kirahisi. Sikufanya. Ramani inajichora kila mahali isipokuwa humo, humo inachora chumba pale tu ulipodondosha kitu. Dogo wa jirani alidondosha mkate, akarudi, akauona, akapiga kelele mpaka mama yake akatoka nje.

Hatua ya 7: itoe

Kwa kugawa mkono kwa mkono unatengeneza APK, yani faili la kusakinisha gemu kwenye simu, unahitaji JDK 17 (vifaa vya Java) na vifaa vya Android kwenye kompyuta, na utie tiki armeabi-v7a pamoja na arm64-v8a, yani prosesa za simu za zamani na za mpya, maana simu nyingi za hapa mtaani bado ni za zile za zamani na ukiweka moja tu nusu ya watu watakuambia haifunguki. Wanarushiana wenyewe. Kwa Google Play unalipa dola 25 mara moja, wanataka AAB (faili la aina nyingine la kupakia dukani) sio APK, na akaunti mpya ya mtu binafsi lazima iwe na wajaribu 12 kwa siku 14 mfululizo kabla hawajakufungulia, kwa hiyo wale uliowajaribisha usigombane nao. Mi niliwakusanya tisa wangu nikaongeza watatu wa kijiwe cha bodaboda, mmoja akaifuta na kujitoa siku ya sita kwa sababu simu ilijaa picha, nikahesabu upya.

Na lile faili la ufunguo unaosainia gemu, lenye mwisho wa keystore, pamoja na neno lake la siri, liweke sehemu tatu tofauti leo hii kabla hujalala. APK uliyogawa kwa mkono ukipoteza ufunguo wake huwezi tena kuwapa watu toleo jipya juu ya lile la zamani, itabidi walifute kwanza, na wakilifuta wanapoteza walipofikia. Baba mdogo ana pointi 311 kwenye lake, simgusi.